Kabla ya kununua kiyoyozi kikubwa zaidi, gusa ukuta usiku

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Tunaishi katika nyumba ya chini yenye paa la mabati ya kahawia na dari ya bodi. Chumba chetu cha kulala kina dirisha kubwa linalotazama machweo. Kiyoyozi tunakiwasha saa kumi jioni, nimekiweka nyuzi 18, na kinaunguruma mpaka alfajiri. Hata hivyo hadi saa sita usiku chumba hakijapoa vizuri. Kinachonishangaza, nikitoka nje saa hizo nakuta kuna ubaridi. Gharama ya umeme inatuelemea. Fundi anasema kiyoyozi ni kidogo, tununue kikubwa. Tunaishi na mama mkwe ambaye umri umekwenda, kwa hiyo siwezi kukizima tu. Nifanye nini?

Jibu: Nakushukuru kwa kutaja jambo ambalo wengi hulisahau, kwamba saa sita usiku nje kuna ubaridi na ndani bado moto. Hapo umenipa nusu ya jibu. Kama hewa ya nje imeshapoa, na kiyoyozi kimefanya kazi kwa saa nane mfululizo, basi joto linalowasumbua halitoki kwenye hewa. Linatoka kwenye nyumba yenyewe. Kuta, sakafu, godoro na kabati vimeshiba jua la mchana, na usiku vinalirudisha chumbani polepole. Kiyoyozi kikubwa kitapambana na jua lilelile, ila kwa umeme mwingi zaidi. Usikinunue kwanza.

Leo usiku, saa tatu hivi, fanya jaribio ambalo halihitaji kifaa chochote. Weka kiganja kwenye ukuta wa upande wa machweo, kwa ndani. Kisha kiweke kwenye ukuta unaotenganisha chumba chenu na chumba kingine. Kisha panda kwenye stuli imara uguse dari. Rudia saa sita. Nina hakika kubwa utakuta ukuta wa machweo una uvuguvugu kuliko ule wa ndani, na kwamba saa sita bado haujapoa. Tofali na zege hupitisha joto kwa kuchelewa. Ukuta wa tofali wa unene wa kawaida huchukua kati ya saa tano na nane hivi, kutegemea unene na aina ya tofali, kulifikisha joto la upande wa nje hadi upande wa ndani. Jua linaloupiga ukuta wenu kuanzia saa nane mchana hadi linapotua linawafikia kitandani kuanzia saa mbili usiku na kuendelea. Wakati mnapotaka kulala ndipo ukuta unapoanza kuwarudishia jua.

Mabati ni kinyume chake. Ni membamba, hupata moto haraka na hupoa haraka jua likizama. Kwa hiyo paa lenu ni adui wa mchana: linaichemsha dari, dari inavimwagia joto vitu vyote vilivyo chini yake, na vitu hivyo ndivyo vinavyobaki na joto usiku. (Msomaji mwenye paa la zege asifuate maelezo haya ya mabati. Paa lake hufanya kazi kama ukuta wenu wa machweo, hutoa joto mpaka usiku wa manane, na kwake kulitibu paa ndiyo kazi ya kwanza.)

Kwenu nyinyi ningeanza na dirisha. Jua la saa kumi jioni liko chini, linapiga kioo karibu uso kwa uso. Siku ya anga safi, kila mita ya mraba ya kioo kilichoelekea jua hivyo hupokea wati mia kadhaa. Dirisha la mita mbili za mraba, lenye kioo cha kawaida kisicho na rangi, linaweza kuingiza takriban wati 1,000 za joto. Ni sawa na kuacha pasi ya umeme imewaka chumbani kwa saa mbili tatu kila jioni, huku kiyoyozi kikihangaika kulitoa joto lake nje.

Najua utasema mna pazia zito. Pazia la ndani linasaidia, ila si kwa kiasi ambacho watu hudhani, na sababu ni kioo chenyewe. Kioo huruhusu mwanga wa jua upite, lakini hakiruhusu mionzi ya joto inayotoka kwenye vitu vya kawaida vilivyopata moto. Mwanga ukishapita na kulipiga pazia, pazia linapata moto, na joto lake haliwezi kurudi nje kwa njia lililoingilia. Linabaki chumbani nanyi. Wizara ya Nishati ya Marekani hutoa makadirio yanayoonyesha tofauti hii vizuri: pazia la rangi ya wastani lenye mgongo mweupe wa plastiki hupunguza joto la jua kwa takriban asilimia 33, ilhali kivuli kilichofungwa nje ya dirisha linalotazama magharibi kinaweza kulipunguza hadi asilimia 77. Jua lizuiwe kabla halijagusa kioo. Kama ningeruhusiwa kukuambia jambo moja tu katika barua hii, ningekuambia hilo.

Lakini angalia aina ya kivuli. Watu wengi huongeza upenu mfupi juu ya dirisha la machweo, kisha wanashangaa hakuna kilichobadilika. Upenu hufaa jua likiwa juu. Jua la jioni hupita chini yake na kuingia moja kwa moja. Dirisha la upande huo, na la upande wa macheo pia, linahitaji kitu kinachosimama wima mbele yake: milango ya mbao yenye vibao vya mlalo, mkeka wa mianzi unaokunjika, turubai la rangi nyepesi, au neti ya kivuli kama ile wanayotumia wakulima wa miche. Kifungwe mbali kidogo na kioo, kiasi cha shubiri moja, ili hewa ipite nyuma yake na kuliondoa joto lake. Kikishikana na kioo, kitakipasha kioo. Kiteremshe saa saba mchana, kipandishe jua likishazama. Neti na kamba vinatosha kuanzia; milango ya mbao inaweza kungoja.

Wapo wanaobandika karatasi ya alumini kwenye kioo kwa ndani. Inarudisha sehemu ya mwanga, ndiyo, lakini kioo kinaweza kupata moto usio sawa na kupasuka, hasa vioo vya tabaka mbili au vyenye waya ndani. Siipendekezi.

Ukuta wenyewe nao utafutiwe kivuli. Mmea wa kutambaa uliopandishwa kwenye wavu au fito zilizoachana na ukuta hufanya kazi nzuri kuliko rangi yoyote, kwa sababu majani hayapati moto kama tofali na hewa inapita nyuma yake. Mti upande huo ni bora zaidi kwa anayeweza kungoja miaka. Wakati mnasubiri, pakeni ukuta huo rangi nyeupe au chokaa.

Paa sasa. Mabati ya kahawia hunyonya sehemu kubwa ya jua. Paa la rangi nzito chini ya jua kali linaweza kufika nyuzi 65 au zaidi, na paa la rangi nyeupe inayorudisha mwanga linaweza kuwa na nyuzi 28 pungufu ya hapo katika hali ileile. Tafuteni rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa ajili ya paa, maana rangi ya ukutani itabanduka. Wengine huniuliza kama bati jipya linalong'aa halitoshi. Linarudisha mwanga mwingi, lakini ni gumu kutoa joto ambalo limeshaliingia, kwa hiyo bado hupata moto kuliko bati lililopakwa nyeupe. Mji wa Ahmedabad nchini India, uliopigwa na wimbi kali la joto mwaka 2010, ulitengeneza mpango wa kukabili joto mwaka 2013, na mwaka 2017 ukaanza kupaka paa nyeupe katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Paa jeupe ni dawa inayoendelea kufanya kazi hata umeme ukikatika. Ila paa jeupe likijaa vumbi hupoteza nguvu. Lioshwe.

Chini ya bati kuna nafasi kati yake na dari, na hapo mna bahati ambayo nyumba ya zege haina. Karatasi yenye kung'aa ya alumini ikitandazwa chini ya kenchi, huku uso wake mmoja ukitazamana na nafasi tupu ya hewa, huzuia sehemu kubwa ya mionzi inayoshuka kutoka kwenye bati. Nafasi hiyo ya hewa ni lazima. Nimeona kazi nyingi ambapo karatasi imebanwa katikati ya bati na mbao, bila nafasi upande wowote, na mwenye nyumba analalamika ameibiwa. Karatasi iliyobanwa hivyo hupitisha joto kama chuma kingine chochote. Pamba ya kuzuia joto juu ya dari nayo inafaa. Na yaachwe matundu chini ya upenu na mengine juu karibu na kilele, hewa ya moto itoke yenyewe.

Hayo ni ya kuzuia. Sasa lile joto litakaloingia hata hivyo, linatolewaje?

Hapa ndipo ule ubaridi wa saa sita usiku unapokuwa mali. Nyinyi mnafunga madirisha saa kumi jioni, mnawasha kiyoyozi, na madirisha hayafunguliwi tena mpaka asubuhi. Ubaridi wa bure unapita nje na nyumba haiuonji. Nunua vipimajoto viwili, kimoja kining'inie nje kivulini, kingine chumbani. Kanuni ni fupi: nje kukiwa na joto zaidi kuliko ndani, funga madirisha, nje kukiwa na ubaridi zaidi, fungua. Mara nyingi utakuta unapaswa kufunga mapema asubuhi kuliko ulivyozoea, na kufungua baada ya magharibi.

Dirisha moja likifunguliwa peke yake, hewa haina pa kwenda. Fungua madirisha ya pande mbili tofauti na milango iliyo katikati. Kama hakuna upepo, weka feni kwenye dirisha la chumba chenye joto ikitazama nje, isukume hewa ya moto itoke. Hewa baridi itaingia kupitia upande wa pili. Wavu wa mbu hupunguza upepo, kwa hiyo uoshwe, vumbi likiziba matundu yake upepo hupungua zaidi.

Jengo la Eastgate jijini Harare, lililobuniwa na msanifu Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, linaendeshwa kwa kanuni hiyohiyo. Halina mfumo wa kawaida wa viyoyozi. Usiku feni husukuma hewa baridi katikati ya zege lake zito, na mchana zege lililopoa huipoza hewa ya ofisini. Lakini lazima niseme jambo ambalo wanaolisifu jengo hilo hulipita: Harare iko juu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hupoa kwelikweli. Pale ambapo usiku una joto karibu sawa na mchana, na hewa imejaa unyevu, mbinu hiyo haina cha kuvuna. Kwenu ipo, kwa ushahidi wako mwenyewe.

Unyevu ndio unaoamua pia kama maji yatasaidia. Lita moja ya maji ikikauka huchukua joto la takriban theluthi mbili za uniti ya umeme, na ni nguvu kubwa hiyo. Tundika kitambaa kilicholowa dirishani kwenye upepo. Kikikauka upesi, hewa yenu ni kavu, na shuka lenye unyevu mbele ya dirisha litawapoza. Kikibaki chepechepe saa nzima, achana na maji, maana mtajiongezea fukuto tu. Na katika chumba ambamo kiyoyozi kinafanya kazi usilowanishe kitu kamwe, kwa sababu kiyoyozi kitalazimika kuyatoa maji hayo hewani kwa umeme wako.

Kuna habari ya kweli ambayo napenda kuisimulia kila ninapofika hapa. Mwaka 1902 mhandisi kijana, Willis Carrier, alibuni mtambo unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kiyoyozi cha kisasa. Aliubuni kwa ajili ya kiwanda cha kuchapa huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zikivimba na kusinyaa kwa unyevu na rangi za picha hazikai mahali pake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kudhibiti unyevu. Hadi leo kiyoyozi hufanya kazi mbili, kupoza na kukausha, na hapo ndipo ushauri wa fundi wako unapokosea. Mashine kubwa kuliko chumba hukipoza kwa dakika chache na kuzima kabla haijapata muda wa kukausha hewa. Mnabaki na chumba cha baridi chenye unyevu, ngozi inanata, mtu anashusha nyuzi tena. Kama usiku fulani joto si kali lakini kuna fukuto, bonyeza kwenye rimoti ile alama ya tone la maji; mara nyingi inatosha.

Na zile nyuzi 18 ziache. Kiyoyozi cha kawaida hupuliza hewa yenye ubaridi uleule, ukiweka 18 au 26. Namba hiyo inamwambia kompresa, yaani ile pampu inayosukuma gesi ya kiyoyozi, lini apumzike, na kwa ukuta wenu ulivyo, 18 haifikiwi kamwe, kwa hiyo hapumziki. Kiyoyozi cha inveta hubadilisha kasi, lakini nacho ukikiwekea lengo lisilofikika kitakimbia kwa nguvu usiku kucha. Weka 26, pamoja na feni. India iliagiza viyoyozi vya chumbani vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa 24 kuanzia mwaka 2020, na Japani tangu 2005 imekuwa ikihimiza ofisi ziwekwe 28 wakati wa kiangazi na wafanyakazi wavae nguo nyepesi.

Feni ndiyo inayoifanya 26 ivumilike. Feni haipozi chumba, inampoza mtu, kwa kuondoa ile hewa ya joto inayomzunguka na kukausha jasho. Ukiwa chini ya feni ya dari unaweza kupandisha kiyoyozi nyuzi mbili hivi bila kuhisi tofauti. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane hutumia nusu uniti. Kiyoyozi cha wati 1,000 kisichopumzika hutumia nane. Kwa sababu inampoza mtu tu, izime unapotoka chumbani.

Ratiba yenu mpya basi iwe hivi. Mchana kivuli kiko chini na madirisha yamefungwa. Jua likizama na kipimajoto cha nje kikashuka chini ya kile cha ndani, fungueni kila kitu kwa saa mbili au tatu, feni ikisukuma hewa nje. Wakati wa kulala ukifika ndipo mfunge na kuwasha kiyoyozi, kama bado kinahitajika, kikiwa kimetegewa kujizima baada ya muda wa saa tatu. Usiku mwingine hamtakihitaji.

Kwenye mashine yenyewe, filta ioshwe kila baada ya wiki mbili mpaka mwezi wakati wa joto. Kile chombo cha nje kipewe kivuli lakini kisizibwe, maana kinahitaji hewa nyingi kulitupa joto. Ziba nyufa chini ya mlango. Na mtu akikuambia gesi imeisha, muulize inavujia wapi. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya bomba zilizofungwa, na ikipungua kuna tundu. Kujaza bila kuziba tundu ni kulipa tena baada ya miezi.

Nimeliacha la mama mkwe mwisho kwa sababu nataka ulisome kwa utulivu. Mwili wa mzee hautoi jasho kama wa kijana, na kiu yake huchelewa kumwambia anywe maji. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kuongeza mkojo huzidisha hatari hiyo, kwa hiyo daktari wake aulizwe. Haya yote niliyoandika ni ya kupunguza matumizi ya kiyoyozi, lakini siku ya joto kali yeye awe na chumba kilichopozwa, hata ikibidi nyote mkae humo mchana na vyumba vingine viachwe. Chumba kimoja kilichofungwa vizuri ni rahisi kupoza kuliko vitatu nusunusu. Usimwachie feni peke yake hewa ikikaribia nyuzi 40. Shirika la Afya Duniani huonya kwamba ikifika hapo feni humpasha mtu badala ya kumpoza, na mzee hapaswi kusubiri ifike hapo. Akianza kuchanganyikiwa, kuongea maneno yasiyoeleweka au kuzirai siku ya joto, hiyo ni dharura: mlowesheni maji, mpepeeni, na mtafute msaada wa hospitali papo hapo, mkiendelea kumpoza njiani.

Anza na neti ya kivuli wiki hii, kabla ya rangi ya paa na kabla ya kutumia fedha nyingine yoyote. Lakini siku tatu kabla ya kuifunga, andika joto la chumbani saa tatu na saa sita usiku, kiyoyozi kikiwa kimezimwa kwa nusu saa kabla ya kupima, pamoja na namba za mita ya umeme. Ukishaifunga, andika tena siku tatu zenye jua kama hilo. Nitumie vipimo hivyo na unieleze ukuta wa machweo unahisikaje kiganjani saa sita. Kutoka hapo nitaweza kukuambia kama paa linahitaji rangi, karatasi ya alumini au vyote viwili.